Jino bovu, kamasi lisilokwisha na jipu la ubongo: mwongozo kwa familia za Unguja na Pemba

Jipu la ubongo ni mkusanyiko wa usaha ndani ya ubongo wenyewe. Ni maradhi adimu: katika nchi ambazo hesabu zake zimewekwa vizuri, wagonjwa wapya hawafiki wawili kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na watu wengi wenye meno mabovu au mafua sugu hawatalipata maishani mwao. Hata hivyo ni maradhi yanayoua au kuacha ulemavu pale yanapochelewa kugunduliwa, na mara nyingi kinachochelewesha ni kwamba hakuna mtu aliyeunganisha kichwa kinachouma leo na jino lililouma mwezi uliopita. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unamhusu zaidi mtu wa nyumbani, yule atakayekuwa amekaa pembeni mwa kitanda wakati daktari anauliza ugonjwa ulianza vipi. Jibu la suali hilo ni sehemu ya tiba, na wakati huo mgonjwa mwenyewe huenda hana tena uwezo wa kulitoa.

Njia ambayo maambukizi hupitia

Jino linapotoboka, bakteria wa kinywani huingia hadi kwenye kiini chake, mahali penye mishipa ya damu na ya fahamu, kisha hufuata mzizi mpaka ncha yake iliyozama katika mfupa wa taya, na hapo ndipo usaha hujikusanya. Mizizi ya magego ya juu ipo karibu mno na chumba cha hewa kilichomo ndani ya mfupa wa shavu, na kwa baadhi ya watu kinachovitenganisha ni mfupa mwembamba kama ganda la yai. Vyumba vya namna hiyo, ambavyo madaktari huviita sainasi, vipo pia katikati ya macho, nyuma kabisa ya pua, na ndani ya paji la uso juu ya nyusi. Vyote hufungukia puani, na chochote kati yake kinaweza kujaa usaha pale mlango wake unapozibwa na uvimbe wa mafua au wa mzio.

Kutoka hapo maambukizi yana njia mbili kuu za kufika ubongoni. Ya kwanza ni kuula mfupa kidogo kidogo, na ikumbukwe kwamba ukuta wa nyuma wa sainasi ya paji la uso ndio huo huo ukuta wa mbele wa chumba cha ubongo. Ya pili ni mishipa inayorudisha damu moyoni: mishipa ya uso na ya mifupa ya fuvu imeungana na ile ya ndani ya kichwa, na kwa sehemu kubwa haina vali za kuizuia damu isirudi nyuma, kwa hivyo bakteria huweza kusafirishwa kuelekea ndani hata kama mfupa ni mzima. Mara chache zaidi bakteria wa jino huingia katika mzunguko mzima wa damu, na aliye katika hatari kubwa kwa njia hii ni mtoto aliyezaliwa na kasoro ya moyo inayomfanya midomo na kucha ziwe na rangi ya buluu. Sikio linalotoa usaha kwa muda mrefu nalo ni chanzo kinachojulikana sana, na mengi yaliyomo humu yanamfaa pia mwenye sikio hilo.

Majipu yanayotokana na meno na sainasi hupatikana zaidi katika sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo ndiyo inayosimamia tabia, uamuzi na utaratibu wa mambo. Mgonjwa anaweza kuanza kwa kuwa mzito, mkimya kupita kawaida yake, mwepesi wa hasira, au mwenye kusema mambo yasiyounganika, wiki nzima kabla mkono au mguu haujaonyesha udhaifu wowote. Hali hiyo katika mitaa yetu hufasiriwa upesi kuwa mtu kachezewa au ana shetani, na siku ambazo dawa ingefanya kazi kwa urahisi zaidi hupotea. Siku za mwanzo sehemu iliyoambukizwa huwa imevimba tu bila ya usaha uliokusanyika. Ganda linalouzunguka usaha hukomaa baada ya wiki mbili hivi. Matibabu yakiwahi kabla ya hapo, wapo wanaopona kwa dawa pekee bila ya kuguswa na kisu.

Jino lishughulikiwe kabla halijanyamaza

Nyumba nyingi za Pemba hazikosi karafuu, na mtu akiumwa na jino huchukua moja iliyokauka, akaitafuna taratibu mpaka kichwa chake kilainike, kisha akaibana kwenye tundu la jino, au akachovya pamba katika mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, na kuigusisha mahali panapouma. Baada ya dakika chache ulimi na ufizi huingia ganzi na maumivu hupungua. Nafuu hiyo ni ya kweli na ina sababu yake: karafuu ina eujenoli, kitu ambacho madaktari wa meno nao wamekitumia kwa muda mrefu katika baadhi ya dawa zao za kuzibia meno. Lakini kinachotiwa katika tundu la jino hakifiki kwenye usaha ulioko katika ncha ya mzizi, ndani ya mfupa. Karafuu basi itumike kwa kuupitisha usiku, na asubuhi safari iwe ya kwa daktari wa meno. Mafuta yenyewe ni makali na huunguza ufizi, kwa hivyo yasimiminwe mdomoni, na mtoto mdogo asipewe kabisa.

Jino la kuogopwa kuliko yote ni lile lililouma siku nyingi kisha likaacha lenyewe. Wengi hushukuru na kuliacha, kumbe kilichotokea ni kwamba kiini chake kimekufa na hakina tena uhai wa kuhisi maumivu, huku bakteria wakiendelea chini yake bila ya kelele. Vivyo hivyo kwa kijipu cha ufizi kinachopasuka chenyewe: mgonjwa huonja kitu chenye chumvi na harufu mbaya mdomoni, shinikizo hupungua, usingizi hurudi, na tundu dogo hubaki likitoa usaha kwa miezi. Ukiona kijipele kama hicho juu ya ufizi, hata kama hakiumi, ujue kwamba jino hilo lina maambukizi yanayohitaji matibabu.

Vidonge vya antibiotiki vinavyonunuliwa dukani bila ya kuonana na daktari haviondoi chanzo. Hupunguza uvimbe kwa muda, na pengine huficha dalili ambazo zingemtanabahisha daktari. Tiba ya jino lenye usaha ni kuutoa usaha na kuondoa kinachouleta, ama kwa kuling'oa jino, ama kwa kusafisha na kuuziba mzizi wake pale huduma hiyo inapopatikana. Daktari akiandika dawa za kuongezea, zimalizwe kama alivyoandika. Katika mwezi wa Ramadhani ni jambo la kawaida mtu kuruka dozi ya mchana ili asivunje funga. Mgonjwa wa aina hii amwambie daktari kwamba amefunga, ili apangiwe dawa inayoweza kunywewa usiku ikiwa ipo, na ikiwa haipo, ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku nyingine imo katika Qur'ani yenyewe.

Yapo mambo ya jino yasiyosubiri asubuhi. Uvimbe ulioenea chini ya taya au chini ya ulimi, mdomo usiofunguka, mate yanayomwagika kwa kuwa hayamezeki, sauti iliyobadilika, pumzi inayopita kwa shida, au uvimbe uliopanda mpaka jichoni: mgonjwa mwenye moja kati ya hayo apelekwe hospitali usiku huo huo. Hatari ya kuzibwa njia ya hewa humuua mgonjwa wa jino haraka zaidi kuliko jipu la ubongo.

Kamasi na uso unaouma

Mafua mengi huisha yenyewe, na hata uvimbe wa sainasi mara nyingi hupoa bila ya antibiotiki. Inafaa kumwona daktari pale dalili zinapopindukia siku 10 bila ya kupungua, pale mgonjwa alipopata nafuu kisha akarudi kuwa mbaya zaidi, au pale homa kali, kamasi zito na maumivu ya uso vinapokuja pamoja na kudumu siku tatu au nne. Wakati huo huo pua inaweza kuoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapozwa, kiasi cha nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha mililita 250. Maji ya kisima au ya bomba yasiyochemshwa yasitiwe puani. Kamasi lenye harufu mbaya linalotoka tundu moja tu la pua, hasa kwa mtu mzima, lina maana yake: mara nyingi chanzo ni gego la juu la upande ule ule, na mtu anaweza kumeza dawa za mafua mwaka mzima bila ya kupona kwa sababu jino halijaangaliwa.

Kijana wa skuli anayelalamika maumivu ya paji la uso hutakiwa kuangaliwa kwa makini kuliko mtu mzima. Sainasi za paji la uso hukua katika utoto na kukamilika wakati wa ujana, na wavulana wa umri huo ndio wanaoonekana zaidi katika taarifa za maambukizi yanayotoka hapo kuelekea ubongoni. Mpasuaji Percivall Pott wa London alieleza katika karne ya 18 uvimbe laini wa paji la uso, unaobonyea kidole kikibonyezwa, ambao ni dalili kwamba mfupa ulio chini yake umeambukizwa. Mtoto au kijana mwenye mafua kisha akatokewa na uvimbe huo, au jicho likavimba, likatokeza nje, au akaanza kuona vitu viwili viwili, hapaswi kupewa parasetamoli na kuachwa alale nyumbani. Apelekwe hospitali, na wanaompeleka wataje mafua yaliyotangulia.

Kwetu karibu kila maumivu ya mbele ya kichwa huitwa kipandauso. Kipandauso cha kawaida kina mwenendo ambao mwenyewe anaujua, huja na kuondoka, na baina ya vipindi mtu huwa mzima. Kichwa kinachopaswa kutiliwa shaka ni kile kisichofanana na cha siku zote, kinachozidi siku baada ya siku, kinachomwamsha mgonjwa alfajiri pamoja na kutapika, au kinachoendelea ilhali jino au mafua tayari yameshatulia.

Dalili, na jinsi ya kuzipima nyumbani

Kosa linalofaa kuondolewa mapema ni kungoja homa. Takriban nusu ya wagonjwa wa jipu la ubongo hawana homa wanapofika hospitali, na wale wanaokuwa na dalili tatu zinazotajwa vitabuni kwa pamoja, yaani maumivu ya kichwa, homa na udhaifu wa sehemu ya mwili, ni kama mmoja tu kati ya watano. Kichwa kuuma ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote. Kiasi cha robo ya wagonjwa hupata degedege au kifafa, na kwa baadhi yao hilo ndilo jambo la kwanza kuonekana na watu wa nyumbani. Mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka kifafa maishani, akianguka leo, huyo ni wa hospitali leo.

Kwa mtu mwenye historia ya jino au sainasi na kichwa kisichotulia, uchunguzi ufuatao hauchukui dakika tano. Mkalishe penye mwanga, mbele yako. Mwambie acheke au aonyeshe meno, uangalie kama pembe zote mbili za mdomo zinapanda sawa. Mwambie anyooshe mikono yote miwili mbele, viganja vikitazama juu, afumbe macho, kisha hesabu polepole mpaka kumi: mkono ulio dhaifu hushuka, au kiganja chake huanza kugeukia ndani, bila ya mwenyewe kujua. Mwombe akutajie siku ya leo, watoto wake kwa majina, na alichokula asubuhi. Mwambie atembee kutoka kitandani hadi mlangoni na kurudi. Kisha jiulize, wewe unayemjua, kama huyu ni yule yule wa wiki iliyopita. Mabadiliko ya tabia ambayo daktari mgeni hawezi kuyaona, mke au mama huyaona mara moja. Kasoro yoyote hapa inatosha kuanza safari, lakini kukosekana kwa kasoro hakutoshi kumzuia mtu ambaye kichwa chake kinazidi.

Homa na kichwa vikija pamoja, kituoni mgonjwa atapimwa malaria, na ni sawa kabisa apimwe. Kipimo kikionyesha hana malaria, suali halijafungwa bado. Hapo ndipo inapopasa kusema, kwa heshima lakini waziwazi, kwamba mgonjwa huyu alikuwa na jino.

Safari ya hospitali

Kabla ya kutoka nyumbani andikeni katika karatasi moja: jino gani liliuma na lini, kama lilivimba au kung'olewa, mafua au usaha wa sikio ulianza lini, kichwa kilianza lini, alianguka kifafa saa ngapi na upande gani wa mwili ulianza kutikisika, dawa zote alizokunywa, zikiwemo za dukani na za miti shamba, na kama ana kisukari, maradhi ya moyo, upungufu wa kinga au mzio wa dawa. Chukueni na pakiti za vidonge zenyewe. Mgonjwa aliyeanza kusinzia au asiyejitambua asilishwe wala kunyweshwa chochote, kwani kinaweza kuingia mapafuni. Alazwe ubavu njiani, na anayetikisika kwa degedege asitiwe kijiko wala kidole mdomoni.

Kwa aliyeko Pemba, aanze na hospitali iliyo karibu, iwe Chake Chake, Wete au Abdulla Mzee ya Mkoani, ambako anaweza kutundikiwa dripu, kupewa dawa ya kuzuia degedege na kuanzishiwa antibiotiki ya sindano wakati safari inatayarishwa. Ulizeni mapema kama rufaa inahitajika, na ombeni barua inayoeleza dawa zilizotolewa na saa zake. Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ina taasisi ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo iliyoanzishwa kwa ushirikiano na wakfu wa NED wa Hispania, na kwa mahitaji yanayozidi hapo wagonjwa huweza kupelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, ambayo hufanya pia upasuaji wa ubongo. Boti ina saa zake na bahari ina upepo wake. Mgonjwa ambaye fahamu zake zinapungua asisafirishwe na jamaa peke yao kama mizigo mingine, bali hospitali iombwe ipange usafiri na mhudumu wa kumwangalia.

Mambo mtakayokutana nayo wodini

Kipimo kinachotegemewa ni picha ya kichwa ya CT, mgonjwa akiwa amechomwa dawa maalumu ya kung'arisha, kwa kuwa ganda la jipu huonekana kama pete iliyoizunguka sehemu nyeusi. Picha ya MRI hutenganisha vizuri zaidi jipu na uvimbe wa aina nyingine. Semeni mapema kama mgonjwa ana maradhi ya figo au aliwahi kudhurika na dawa ya picha. Msishangae daktari akikataa kutoa maji ya uti wa mgongo: shinikizo likiwa limepanda ndani ya fuvu, kuyatoa kunaweza kuhatarisha maisha.

Antibiotiki zinazotumika sana kwa majipu ya chanzo hiki ni seftriaksoni pamoja na metronidazoli, kwa njia ya mshipa, kwa sababu usaha wa meno na sainasi huwa na bakteria waitwao streptokoki wakichanganyika na bakteria wengine wasiohitaji hewa. Muda wa kawaida ni wiki sita hadi nane. Hili lielezwe kwa jamaa tangu siku ya kwanza, maana ndipo wengi wanapokwama: mgonjwa hupata nafuu wiki ya pili, anakaa kitako, anaomba uji, na watu wanaanza kuuliza lini ataruhusiwa kurudi nyumbani. Nafuu hiyo haimaanishi kwamba jipu limekwisha. Pangeni zamu za kumuuguza kwa miezi miwili, si kwa wiki moja. Mgonjwa akisema vidole vinamfa ganzi au vinamwaka, daktari aambiwe, kwa kuwa metronidazoli ikitumika kwa muda mrefu huweza kuathiri mishipa ya fahamu.

Jipu lenye upana wa kama sentimita 2.5 na zaidi kwa kawaida hutolewa usaha. Neno upasuaji wa kichwa huwatisha watu, na wapo wanaokataa kutia saini wakadhani wanamhurumia mgonjwa wao. Mara nyingi kinachofanyika ni tundu dogo katika fuvu, sindano ikaingizwa mpaka ndani ya jipu, usaha ukavutwa, na sehemu yake ikapelekwa maabara ili ijulikane ni bakteria gani na wanauawa na dawa ipi. Kabla ya miaka ya 1970 vifo vilikuwa vinafikia kiasi cha wagonjwa wanne kati ya kumi. Tangu zipatikane picha za CT na antibiotiki bora, katika hospitali zenye vifaa vimeshuka hadi karibu mmoja kati ya kumi. Anayetaka kumsomea mgonjwa wake dua amsomee pale pale kitandani, na hakuna daktari mwenye busara atakayemzuia. Kombe la kunywa lisubiri mpaka wauguzi waseme kwamba mgonjwa anameza salama, na chuku au dawa za kienyeji zisichanganywe na za hospitali bila ya kuwaambia.

Jambo moja husahaulika katikati ya shughuli hizi zote, nalo ni chanzo. Jino lililoleta maradhi likibaki mdomoni, au sainasi ikibaki imejaa, jipu linaweza kurudi. Kumbusheni wodini kwamba daktari wa meno, au wa pua na masikio, amwone mgonjwa kabla hajaruhusiwa, naye achunguze kinywa chote, na si jino lile moja tu.

Baada ya kurudi nyumbani

Mgonjwa ataitwa tena kupigwa picha, na tarehe hizo zifuatwe hata akijiona mzima, kwa sababu kovu na usaha uliobaki havitambuliwi kwa hisia. Wengi huendelea na dawa ya kuzuia kifafa kwa miezi kadhaa. Isikatizwe ghafla, wala isigawiwe nusu ili ifike mwisho wa mwezi, bali ikikaribia kwisha mtu atumwe kuifuata mapema. Katika kipindi hicho asiendeshe gari wala vespa, asipande minazi wala mikarafuu, na asiende kuvua au kuogelea peke yake, mpaka daktari amruhusu. Kichwa kikianza kuzidi tena, akitapika, akisinzia kupita kiasi au mkono ukilegea, arudi hospitali siku hiyo hiyo akiwa na karatasi ile ile ya mwanzo pamoja na cheti cha kuruhusiwa.